Muhuri wa Pengwini

Katika mji mzima wa Jinja kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuwa ameiba programu ya kompyuta, na huyo ndiye aliyekamatwa.

Sisi wengine tuliiba vizuri, kwa amani na utulivu. Kliniki, parokia, wapiga picha za pasipoti, hata ofisi ya wakili mmoja aliyejipatia jina kwa kushtaki wezi wa kuku: kote humo ilikuwemo ile programu ya kampuni kubwa ambayo kila mtu anaijua na hakuna aliyewahi kuinunua. Ilikuja kwenye sidii iliyoandikwa kwa kalamu nene, ORIJINO, na fundi aliyekuwekea alikukatia risiti akaipiga muhuri. Ukishika risiti yenye muhuri, umenunua. Kama aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza, hilo ni swali la watu wa chuo kikuu, na wengi wetu tulikiacha chuo kikuu kabla hakijafika kwenye swali hilo.

Norman Wepukhulu alikuwa hataki. Alikaa kibarazani mwa duka la Nitin pale Main Street, nyuma ya meza iliyojaa matumbo ya mashine, akisubiri mteja wa kumhubiria. Alizaliwa Nakaloke, juu kidogo ya Mbale, akalelewa Jinja kwenye kambi ya jeshi ambako baba yake aliendesha malori. Ndiyo maana alizungumza Kiswahili mchana kweupe bila aibu, katika mji ambao ukisikia Kiswahili nyuma yako unaangalia kwanza mikono ya msemaji iko wapi. Wazee wa Busoga, upande huu wetu wa Uganda, walijifunza lugha hii kwenye vizuizi vya wanajeshi barabarani, na masomo yalikuwa mafupi: simama, fungua, toka, lala chini, leta.

Akiwa kijana, Norman aliwahi kuwaandikia barua pepe watu fulani wa ng'ambo akaomba programu yao iitwayo Linux. Wakamtumia sidii kumi kwa posta. Alirudi kwa karani wa posta mara tatu kuuliza anadaiwa nini, na mara tatu karani akamwambia hadaiwi kitu, mara ya tatu kwa ukali. Wengine huokoka kwenye mikutano ya injili uwanjani. Norman aliokoka posta.

Injili yake ilikuwa fupi. Kuna watu maelfu duniani wanaandika programu kisha wanaziachia. Uzitumie, uzifungue uone ndani, uzirekebishe, umgawie jirani, na hakuna atakayekuja kukugongea mlango. Wateja walimsikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa.

"Sasa wao wanapata nini?" mwenye saluni mmoja alimuuliza.

"Hawapati kitu, nnyabo. Wanapenda tu."

"Wanapenda tu." Mama wa watu akachukua kompyuta yake mezani. "Hao watakuja kutaka figo."

Hata Nitin, aliyemruhusu kukaa pale bila kodi na aliyemletea kompyuta zilizokufa kutoka kwenye viwanda vya ndugu zake, hakuwahi kuamini. Familia yake iliuza pampu za maji na nati za kila saizi tangu enzi za babu yake Kantilal. "Norman bhai," alikuwa akimwambia, "nionyeshe kitu kisicho na bei, nikuonyeshe kitu ambacho sijui nikiweke rafu gani."

Kwa hizo maiti za Nitin ndipo Norman alipofanya kazi moja kubwa ya maisha yake. Akazipangusa vumbi, akazichanganya viungo, akazitia Linux nyepesi, ile ambayo mashine ya nusu giga ya kumbukumbu inaibeba bila kuhema, akapata kompyuta kumi na tisa zinazotembea. Zote kumi na tisa akazipeleka kwenye shule moja ya sekondari ya Budondo, iliyokuwa na chumba cha kompyuta chenye kila kitu isipokuwa kompyuta.

Mkuu wa shule, Madamu Docus Kagoya, alizipokea kwa sala. Kulikuwa na tatizo moja tu, nalo lilikwisha siku moja. Norman kwa mapenzi yake alikuwa ameweka maandishi yote kwa Kiswahili. Madamu Docus, ambaye usichana wake ulipita katika miaka ya bunduki, akakaa, akabonyeza pembeni, skrini ikamwandikia TOKA. Akasimama. Akachukua mkoba wake. Alikuwa ameshafika mlangoni ndipo alipokumbuka kwamba anayemfukuza ni kompyuta.

"Norman, mwanangu," alimwambia, amejishika kifua, "zifundishe Kiingereza. Kiingereza kilituibia tu, hakikutupiga."

Zikafundishwa Kiingereza.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Norman alikuwa na binti, Khainza, mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule hiyohiyo. Mama yake alikuwa ameolewa kwingine, Soroti, na baba na binti waliishi chumba kimoja Masese, wakikigawa kwa pazia. Khainza hesabu zilimshinda, kemia ilimkataa hadharani, na mwalimu wa fizikia alikuwa akimsalimia kwa kumpa pole. Lakini kwenye kibodi! Vidole vyake vilikwenda kama mvua ya mabati. Alitaka chuo cha ufundi kilichoko Mbale, na chuo kilitaka jambo moja tu, alama nzuri ya somo la kompyuta kwenye mtihani wa taifa. Watoto ishirini na saba wa Budondo walikuwa wameandikishwa somo hilo. Wangeufanya mtihani mle chumbani, kwenye mashine za Norman, kama mkaguzi angekipitisha chumba. Asipokipitisha, somo linafutwa, na Khainza anabaki na kemia.

Mkaguzi alikuja mwezi wa saba. Bwana Eriya Isabirye, mtu mpole, mnene, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alihesabu viti, akahesabu soketi, akapima upana wa mlango kwa hatua. Akamtazama Khainza akiandika ukurasa mzima bila kuangalia vidole, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akakaa, akavaa miwani.

"Leseni ya programu hizi iko wapi?"

Norman alikuwa akilisubiri swali hilo kwa miaka kumi na tano. Katika nchi nzima, nadhani, hakukuwa na mtu mwingine aliyewahi kutamani aulizwe. Akatoa karatasi kumi na moja zilizobanwa vizuri pembeni.

Bwana Eriya alianzia mwisho, kama tufanyavyo sote. Mtu mzima hasomi karatasi, anatazama chini kuna nini. Chini hakukuwa na kitu.

"Nani amesaini?"

"Hakuna, ssebo. Hii ni ya kila mtu."

"Ni ya kila mtu, na hakuna aliyesaini."

"Ndivyo."

"Ofisi yao iko wapi?"

"Hawana ofisi. Wako dunia nzima. Maelfu."

"Mkurugenzi wao?"

"Hawana."

"Namba ya simu?"

Bwana Eriya alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, akatazama tena pale chini, asije akamwonea mtu.

"Maelfu ya watu," alisema taratibu, "na hakuna hata mmoja mwenye muhuri?"

Madamu Docus alikohoa.

"Madamu, mimi si mtu mbaya," mkaguzi akaendelea. "Mtu mbaya angeandika hapa 'wamekosa' akaenda kula chakula cha mchana. Nawapa siku kumi na nne. Nileteeni karatasi hizihizi, msibadilishe hata nukta, zikiwa na muhuri."

"Wa nani?" Norman akauliza.

"Wa mwenyewe."

Norman alirudi Jinja akawaandikia wenyewe. Walikuwa na jukwaa lao mtandaoni ambako wataalamu wa programu huru walijadiliana. Akaeleza kila kitu kwa adabu: shule, binti, siku kumi na nne. Akaomba mwenye muhuri amsaidie.

Mtu wa nchi ya baridi alimjibu kwa upole kwamba leseni haihitaji muhuri, jambo ambalo Norman alilijua kabla hajauliza. Wa pili akasema muhuri ungekuwa kizuizi kwa uhuru wa mtumiaji. Wa tatu akamwambia wa pili kwamba hajui maana ya uhuru. Wa nne akauliza Norman anatumia toleo gani la karatasi. Kufika siku ya sita majibu yalikuwa arobaini na moja, wawili walikuwa wamejitoa kwa hasira, mmoja ameanzisha jukwaa lake, na muhuri hakuna. Jibu la arobaini na mbili lilitoka kwa mwanamke wa Brazili, naye alikuwa amechoka, inaonekana. "Ndugu," aliandika, "siku zote tumesema kwamba kitu kikikosekana, yeyote anaweza kukitengeneza. Tengeneza."

Norman alilisoma mara nne. Mtu mwingine angeliona kama mzaha. Yeye aliliona kama idhini.

Nyuma ya soko kuu la Jinja alikaa Nulu, mchonga mihuri, kwenye kigoda, na wembe, na soli za kandambili za zamani ambazo ndizo zilikuwa raba yake. Nusu ya mamlaka ya mashariki ya Uganda ilianzia chini ya miguu ya mtu kisha ikapitia mikononi mwa Nulu.

"Mviringo au mraba, Baba Khainza?"

"Kuna tofauti?"

"Mraba ni wa kampuni. Mviringo watu wanaogopa."

"Basi mviringo."

"Maneno?"

Akamwandikia kwenye kipande cha boksi: JAMII YA PROGRAMU HURU DUNIANI. Maana Norman, ukitaka kumwelewa, hakuwa anataka kudanganya. Alitaka muhuri wa kweli wa kitu cha kweli ambacho kwa bahati mbaya hakikuwa na muhuri. "Na katikati," akasema, "weka pengwini."

"Nani huyo?"

"Ni ndege. Ndiye alama yao. Mnene kidogo, anasimama wima, haruki."

"Haruki? Ana ugonjwa?"

"Anaishi kwenye barafu, Nulu. Subiri nikutafutie picha."

"Wee, acha picha." Nulu alikuwa ameshaanza kukwangua soli. "Ndege nimechonga miaka tisa. Njoo Alhamisi."

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kumi na nne. Norman aliupokea muhuri saa mbili na nusu asubuhi, akaujaribu kwenye mkono wake. Maneno yalikaa sawa, yamezunguka vizuri. Katikati alisimama ndege, wima kweli, lakini kwa mguu mmoja, shingo ndefu, na kichwani ana taji la manyoya.

"Nulu. Huyu ni korongo."

"Ni ndege."

"Ni korongo wa serikali! Yule wa kwenye bendera!"

"Baba Khainza, umesema ndege anayesimama na asiyeruka." Nulu alinyoosha kidole kwenye mkono wa Norman. "Sasa huyo umeona akiruka?"

Kuchonga mwingine kungechukua siku mbili. Teksi ya Budondo ilikuwa inaita abiria. Norman alijiambia kwamba wino ukijaa ndege hataonekana vizuri, kwamba mkaguzi ana miwani ya zamani, kwamba ndege ni ndege. Akapiga muhuri kwenye ukurasa wa kumi na moja, akapuliza, akapanda teksi.

Bwana Eriya alifunua ukurasa wa mwisho, na uso wake ukafunguka.

"Eeh! Sasa hii ndiyo karatasi!" Akamwonyesha Madamu Docus. "Mnaona? Mlikuwa mnanisumbua na kujisumbua, kumbe kitu kipo."

Akanywa soda, akaandika "wamepita", akaondoka.

Kwa siku tisa Norman alikuwa mtu asiyevumilika. Alimpungia mkono kila mtu Main Street. Alimhubiria Nitin mpaka Nitin akahamia upande wa pili wa duka. Jioni Khainza alifanya mazoezi kwenye kompyuta ndogo ya baba yake, Norman akihesabu maneno kwa dakika na kupiga kelele kama mtangazaji wa mpira, mpaka jirani akagonga ukuta.

Siku ya kumi ikaja simu kutoka Mbale, ofisi ya kanda ya mitihani: aende akamilishe faili. Norman aliazima koti la Nitin, akapanda gari la alfajiri, akaingia ofisini saa nne na tabasamu.

Mbele yake alikaa Conrad, karani wa masijala. Kuna watu wanaojua wachezaji wa mpira kwa majina, namba na klabu. Conrad alijua mihuri. Alijua wa kila shule, kila hospitali, kila ofisi ya wilaya kutoka Mto Nile mpaka Mlima Elgoni, na aliweza kukuambia ule wenye ufa kwenye herufi ya tatu. Huu hakuwa ameuona. Ungekuwa na pengwini, alisema baadaye mahakamani, angedhani ni mradi wa wazungu na kuuweka kwenye faili. Lakini ulikuwa na korongo wa taifa, kwa hiyo alikuwa na wajibu wa kumtafutia wizara, na kila wizara ilimkana.

Dirishani alikaa askari mwanamke, Afande Topista, mtu wa Lira, amepakata kofia. Norman, akidhani ni mlinzi, akamsalimia kwa Kiswahili.

"Eh!" Afande aliruka kwa furaha. "Wewe nasema Kiswahili safi! Hapa hakuna mtu ya kuongea naye. Wewe ni mtoto ya barracks?"

"Ndiyo, afande. Jinja. Baba alikuwa dereva wa lori."

"Lori! Mimi pia baba yangu alikuwa Jinja, jikoni! Mlikaa laini gani ya nyumba?"

Wakakumbushana maharage, wakakumbushana paredi ya Ijumaa, wakacheka mpaka Afande akafuta machozi kwa kofia. Kisha akaivaa.

"Haya, ndugu yangu," akasema kwa upendo kabisa. "Sasa lete mikono."

Kituoni walimuuliza jambo moja mara nyingi: nani aliuchonga? Norman angeweza kusema Nulu, soko kuu, nyuma, akaenda nyumbani. Lakini hakuwa na tabia hiyo.

"Jamii," alijibu.

"Jamii gani?"

"Watu wanaojitolea."

"Wako wangapi?"

"Maelfu, afande. Dunia nzima."

Mwandishi wa maelezo alimtazama, akainama, akaandika kwa herufi kubwa kwamba mshtakiwa ana washirika.

Hakimu hakuwa mkali. Alisema amesoma kurasa zote kumi na moja za ile leseni, na kwa kadiri anavyoona ni halali, inamruhusu kila mtu kila kitu, na ni karatasi nzuri ajabu. Mshtakiwa angeiacha kama ilivyo asingekuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa muhuri. Miezi minne ya kazi za jamii: afagie uwanja wa ofisi aliyoidanganya, kila siku ya kazi, saa mbili mpaka saa saba. Norman alisikia neno jamii likitajwa tena na kwa sekunde moja, maskini, akafurahi.

Akahamia Nakaloke kwa mama yake, akawa anateremka Mbale kila asubuhi na teksi. Khainza alibaki Masese kwa jirani, yule wa ukuta.

Chumba cha Budondo je? Kanda haikukifunga. Hao si wakatili, wanafuata utaratibu. Walimwandikia Madamu Docus kwamba aondoe programu isiyo na mwenyewe, aweke inayotambulika, alete risiti, na mtihani utafanyika. Norman alipata habari akiwa kwenye majani makavu ya mjakaranda, ufagio kwapani.

"Madamu, usifanye hivyo. Nakuomba."

"Norman, mwanangu, nifanyeje? Nimempata mtu wa mjini. Anaweka zote kumi na tisa kwa siku moja."

"Anaweka ya wizi!"

"Ana risiti."

"Madamu, sikiliza, acha wizi. Zile mashine ni wazee. Kumbukumbu ni nusu giga. Ile programu ni nzito, hazitaibeba. Ni kama kumbebesha bibi yako kabati."

"Bibi yangu alibeba kabati," akasema Madamu Docus. "Kutoka Namulesa. Norman, siku zimebaki kumi na mbili. Ukiwa mimi ungefanyaje?"

Wakati huo Conrad alifungua dirisha akamwonyesha Norman kwa kidole pembe ambayo haijafagiliwa.

Mtu wa mjini alikuja Budondo siku moja kabla ya mtihani, maana alikuwa na shule nyingi. Alifuta kila kitu, pamoja na kazi zote za mazoezi za watoto ishirini na saba. Akaweka sidii yake, akangoja picha ya mwanzo itokee kwenye kila skrini, ikatokea, umeme ukakatika. Akakata risiti akaondoka.

Mtihani ulianza saa tatu asubuhi, wa muda wa saa mbili, watoto kumi na tisa kwanza, wanane baadaye. Saa tatu na dakika sita simu ya Norman ililia. Madamu Docus alikuwa amesimama nje ya dirisha la chumba cha kompyuta. Mkuu wa shule haruhusiwi kuingia.

"Norman, zimeandika zinajitayarisha. Tusizizime."

"Zote?"

"Zote. Kuna namba, inapanda. Mbili kwa mia."

Norman alisimamisha ufagio ukutani. Kichwani alifanya hesabu, akairudia. "Msimamizi anasemaje?"

"Anasema mtihani umeanza. Saa yake inakwenda."

"Madamu, wasiguse kitu. Wakizima, zinaanza upya."

"Basi wafanye nini?"

"Wangoje."

Madamu hakuikata simu, wala Norman hakuikata. Kwa muda mrefu Norman alisikia tu: kuku wa Budondo, kiti kikiburuzwa, msimamizi akitangaza kwa sauti ya kanisani kwamba nusu saa imepita. Saba kwa mia. Mtoto mmoja akauliza kama anaweza kuandika majibu kwenye karatasi; msimamizi akamsomea kanuni inayokataza. Kumi na moja. Madamu Docus akanong'ona kwamba watoto wamekaa vizuri sana, wima, mikono magotini, wanazitazama skrini kama watu wanaongoja mwili uletwe kutoka hospitali.

"Khainza yupo?"

"Mstari wa mbele. Hajapepesa macho."

"Mashine gani?"

"Ile nyeupe."

Ile nyeupe ilikuwa na kumbukumbu ya giga moja. Norman aliitia mwenyewe, kipande alichokitoa kwenye mashine ya Nitin ya kuhesabia mishahara. Akaanza kutembea, akaenda mpaka kwenye geti la ofisi na kurudi. "Hiyo itatangulia, Madamu. Hiyo inaweza. Sasa iko ngapi?"

"Arobaini na mbili. Nyingine ishirini na kidogo."

Ikabaki nusu saa. Ikafika sitini na tano. Zikabaki dakika kumi na tano, themanini na moja. Conrad alitoka nje, akamwona mfungwa wake ameegemea mti, macho ameyafumba, simu imebanwa sikioni, akasimama pale na kikombe chake cha chai, kwanza kwa hasira, baadaye sijui kwa nini. Akauliza kwa nyusi. Norman akamnyamazisha kwa kiganja, na Conrad, aliyejua mihuri yote ya mashariki, akanyamaza.

Tisini na saba. Kisha salio la Madamu Docus likaisha.

Norman alijaribu kumpigia. Naye hakuwa na salio. Conrad alimpa simu yake. Haikupokelewa. Akapiga mara nyingine, na nyingine, na saa tano na robo ikapokelewa, na aliyepokea hakuwa Madamu.

"Baba."

"Ilifunguka?"

"Ilifunguka. Yangu peke yake. Zile nyingine bado zinajitayarisha, wamewakalisha wale wanane mbele ya hizohizo sasa hivi."

"Ilibaki muda gani?"

"Dakika tatu."

"Dakika tatu." Alimgeuzia Conrad mgongo. "Ukafanya nini?"

"Nilifungua ya kuandikia. Ikachelewa. Ikaja. Nikaandika jina."

"Jina na namba?"

"Jina. Namba nilifika kwenye tarakimu ya nne, akasema vidole juu."

"Ulihifadhi?"

Kule Budondo mtu alikuwa akiwapanga watoto kwa sauti, akisema wasisukumane.

"Niliibonyeza," Khainza alisema. "Ilikuwa bado inafikiri."

Norman alisema sawa. Akasema amefanya vizuri, ale kitu, asirudi Masese kwa miguu. Akaifuta simu jasho kwenye shati, akamrudishia Conrad. Conrad aliipokea, akamwonyesha kule nyuma ya tangi la maji, ambako upepo wa asubuhi ulikuwa umeyarudisha majani yote.